Neno la Kiingereza la Mwezi Huu: "Seldom"



Mwezi huu natwaa neno moja dogo, "seldom", kwa sababu neno hili lilinitia aibu zamani, na mtoto asiye na kosa akapata taabu kwa ajili yangu.

Baba mmoja aliniletea barua ya shule nimsomee habari za mwanawe. Palikuwa na maneno haya: "He is seldom late." Nilijua kuwa "late" ni kuchelewa, lakini "seldom" sikuijua vema, nami niliona haya kukiri. Nikasema, "Mzee wangu, mwanao huchelewa mara nyingi." Jioni nikasikia kijana akipigwa, naye akilia, "Baba, si kweli!" wala hakusadikiwa. Usingizi ukanipotea, nikafungua kamusi, nikaona maana yake ni mara chache. Alfajiri nikaenda kwao, nikaungama mbele ya baba na mwana.

Basi, tulitazame neno lenyewe. Maneno ya namna hii ni kama ngazi. Juu ni "always", yaani sikuzote. Kisha "often", mara nyingi. Kisha "sometimes", mara nyingine. Kisha "seldom", mara chache. Na chini kabisa "never", yaani kamwe. "Seldom" li karibu na kukana, walakini halikani kabisa: yule kijana alipata kuchelewa, ila kwa nadra. Tena ni neno la kale. Waingereza wa zamani walisema "seldan", na Wajerumani, ambao lugha yao ni ya ukoo mmoja na Kiingereza, husema "selten".

Mahali pake ni mbele ya neno la kutenda: "He seldom comes." Lakini hufuata nyuma ya "is" na "are". Likiwekwa mwanzo, hugeuza mpango wa maneno: "Seldom does he come." Wala usiongeze "not", kwa kuwa "not seldom" maana yake ni mara nyingi.

Katika kulifasiri jihadharini pia. "Hu" yetu yaonyesha desturi. Ukisema, "Huchelewa mara chache," msikiaji huenda akashika "huchelewa" na kuyaacha yaliyobaki. Afadhali useme, "Hachelewi ila mara chache," au, "Ni nadra yake kuchelewa."

Walimu wenzangu, watu hutuletea barua zao kwa kutuamini, nao hawana njia ya kutupima. Kusema, "Sijui, ngoja nitazame," si aibu. Aibu ni kulinda heshima yako kwa machozi ya mtoto. Amri ya Mungu yakataza kumshuhudia jirani uwongo, na mtoto naye ni jirani. Yule baba alinisamehe. Kijana naye alinipa mkono, akanyamaza. Unyamavu ule naukumbuka hata leo, kila nishikapo barua ya mtu.

Ni mimi mwalimu wenu.