Kubadili Toleo la Seva ni Kazi ya Amri, si ya Kubahatisha

Katika jeshi na katika polisi, silaha hukaguliwa kabla haijagoma, na lindo hupokelewa kabla mlinzi hajachoka. Jambo hilo halina mjadala. Lakini ipo mashine moja ambayo ofisi nyingi huisahau maadamu taa yake inawaka. Nayo ni seva, yaani kompyuta inayotunza orodha za watu, mishahara na kumbukumbu za kesi, na kuzigawa kwa kompyuta nyingine. Sisi tunasema kwamba usahaulifu huu ni hatari, na kwamba wenye wajibu wa kuuondoa ni wakubwa wa kazi kabla ya mafundi.

Seva nyingi duniani huendeshwa kwa Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Mfumo huu una sifa ya uimara, lakini kila toleo lake lina umri uliopangwa. CentOS 7 iliacha kuhudumiwa tarehe 30 Juni, 2024. Ubuntu 20.04 ilimaliza miaka yake 5 ya huduma ya kawaida mwezi Mei, 2025, na tangu hapo haipati marekebisho ya usalama ila kwa mpango wa ziada. Siku huduma inapokoma, mashine haizimiki wala haipigi kelele. Huendelea na kazi kama jana, na hapo ndipo watu hudanganyika. Kila tundu linalogunduliwa baada ya siku hiyo hubaki wazi, na habari zake hutangazwa hadharani, adui naye akisoma.

Mwezi Mei, 2017, programu haribifu iliyoitwa WannaCry ilifunga kompyuta katika nchi nyingi, na hospitali za Uingereza zikalazimika kuahirisha matibabu ya wagonjwa. Kompyuta zile zilikuwa za Windows, si za Linux, lakini funzo ni lile lile: dawa ya tundu lile ilikuwa imekwisha tolewa mwezi Machi mwaka huo huo. Ilikuwapo, haikutumiwa.

Huku kwetu West Nile, kwa miaka mingi Arua na Koboko zilitegemea umeme wa majenereta na wa kituo kidogo cha maji cha Nyagak, chenye megawati 3.5. Fundi aliyeogopa kuigusa seva alikuwa na sababu, kwa maana umeme ukikatika katikati ya kazi hii mashine huachwa nusu ya kale na nusu mpya, isifae kwa lolote. Mwaka 2024 mkoa wetu uliunganishwa na gridi ya taifa. Sababu ile imepungua, ijapokuwa haikwisha. Umeme wa gridi nao hukatika, na betri ya akiba ingali lazima.

Kazi yenyewe ina utaratibu wake. Kwanza, nakala ya kila kitu iwekwe mbali na seva hiyo, na ijaribiwe kurudishwa kwenye mashine nyingine, kwani wengi hugundua kwamba nakala yao ni mbovu siku wanapoihitaji. Pili, toleo lililopo lisasishwe kikamilifu, kisha ipandwe ngazi moja moja. Mwenye Ubuntu 20.04 huenda kwanza 22.04, ndipo 24.04, hakuna kuruka. Tatu, programu za ofisi zichunguzwe. Ubuntu 20.04 ilikuja na PHP 7.4, na 24.04 ina PHP 8.3, programu iliyoandikwa kwa ile ya kale yaweza kugoma kwa hii mpya. Hali kadhalika PostgreSQL hutoka namba 12 kwenda 16, na data zilizomo hazihami zenyewe. Ni fundi azihamishaye. Nne, fundi awepo mbele ya mashine. Kuipandisha seva ya Koboko kwa njia ya mtandao ukiwa Arua kunawezekana, lakini mawasiliano yakikatika na mashine ikakwama, hakuna mkono wa kuiinua.

Wapo wasemao kwamba kinachofanya kazi kisiguswe. Neno hili lina busara kwa mashine isiyoungana na nyingine yoyote. Lakini seva haikai peke yake. Barabara ya lami ya kilomita 92 kutoka Vurra kupitia Arua na Koboko hadi Oraba inaanzia mpaka wa Kongo na kuishia mpaka wa Sudani Kusini, nasi hatuachi lindo wazi katika ncha zake kwa hoja kwamba jana halikutokea neno. Tena, kadiri mtu anavyokawia ndivyo ngazi za kupanda zinavyoongezeka. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kwa hiyo tunawaelekea makamanda na wakuu wa vituo. Fundi hana mamlaka ya kuifunga ofisi; mamlaka hayo ni yenu. Andikeni amri yenye siku na saa ya kuanza, jina la mwenye dhamana, mahali nakala ilipo, na saa ambayo, kazi isipokamilika, hali ya awali itarudishwa bila ya aibu. Anayekataa kuifunga seva usiku mmoja kwa hiari huenda akafungiwa wiki nzima bila hiari. Tena wataalamu si wageni kwetu: Chuo Kikuu cha Muni, kilichoanzishwa Arua mwaka 2013, kinafundisha elimu hii kwa vijana wa mkoa huu huu.

Nanyi askari msidhani kwamba haya ni ya ofisini tu. Katika mashine hizi yamo majina yenu, vyeo vyenu na haki za wategemezi wenu. Mjane anayefuata malipo ya marehemu mumewe hastahili kuambiwa kwamba kumbukumbu zimepotea. Ulizeni, kwa adabu na kwa kufuata ngazi: seva yetu ni ya toleo gani, na huduma yake inakoma lini? Mkuu aliye tayari atajibu mara moja. Asiye na jibu na alitafute wiki hii.