Mfuniko wa zege si usalama

Ndugu wakulima na wafanyabiashara, tuache kujidanganya kwamba kizito ndicho salama. Pigeni hesabu: mfuniko wa zege wa sentimita 60 kwa 60, unene sentimita 10, una kilo zipatazo 86. Nani atauinua kila wiki azibue mtaro wa soko? Ukishang'olewa kwa mtaimbo haurudishwi. Shimo linabaki wazi, mtoto anatumbukia.

Mifuniko ya nyuzi za kioo na gundi ngumu ni myepesi, haishiki kutu, na mwizi wa vyuma chakavu haitaki. Mtasema ni ghali. Mguu uliovunjika je?

Kamati za soko, mkinunua ulizeni daraja: A15 ni ya waenda kwa miguu, panapopita malori ya mazao, D400. Na ifungwe kwa bolti.