NYUMBA YA VYUMBA 52: ARDHI ILITOKA WAPI?

Karibu na Njoro, mji mdogo wa reli upande wa magharibi wa Nakuru, ipo nyumba ya mawe yenye vyumba 52. Mwenyewe alikuwa Mwingereza, Lord Maurice Egerton, asiye na mke wala mtoto. Ilianza kujengwa mwaka 1938, ikamalizika 1954, naye akafa 1958. Vyumba 52 kwa mtu mmoja, kwa miaka 4!

Kila aendaye kuitazama husimuliwa hadithi ya mapenzi: ati bwana mkubwa alimjengea mwanamke, mwanamke akamkataa, na tangu siku hiyo bwana akawachukia wanawake wote. Watu husikiliza, humhurumia, hupiga picha, wakarudi makwao. Sisi twasema hadithi hiyo, iwe kweli iwe uwongo, ni pazia. Hatuulizi nani alimpenda nani. Twauliza: ardhi ilitoka wapi, na mikono iliyojenga ilikuwa ya nani?

Tuanze na reli. Ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwani 1901, ikiwa imekwisha kula zaidi ya pauni milioni 5. Uingereza ikataka fedha zake zirudi. Sir Charles Eliot, mkuu wa serikali ya wakati huo, akaona dawa ni moja tu: Wazungu waitwe waje walime kando ya reli. Lakini nchi ile haikuwa tupu! Wamasai walikuwa wakichunga bondeni, na Waogiek walikuwa na mizinga yao katika msitu wa Mau. Mwaka 1903 Lord Delamere akapewa eka 100,000 huko Njoro. Mwaka 1904 Wamasai wakaandikiwa mkataba wahame Bonde la Ufa, wakaahidiwa kwamba mapatano hayo yatadumu maadamu Wamasai wapo. Hata miaka 10 haikupita. Mwaka 1911 wakaandikiwa mkataba mwingine, wakaondolewa na Laikipia pia. Mwaka 1915 sheria ikaruhusu Wazungu wakodishwe ardhi kwa miaka 999. Je, binadamu huishi miaka mingapi hata aandikiwe shamba kwa miaka 999?

Hiyo ndiyo ardhi. Na mikono je? Mwafrika alitozwa kodi ili alazimike kutafuta kazi kwa Mzungu, akavishwa kipande shingoni kama mbuzi aliyefungwa kengele. Sheria ya 1937 ikawapa Wazungu nguvu ya kupunguza mifugo ya maskwota na kuwaongezea siku za kazi. Mwaka 1939 mipaka ya Nyanda za Juu ikatiwa muhuri kwa Wazungu peke yao. Mwaka huohuo Lord Egerton akaanzisha skuli ya ukulima, kwa vijana wa Kizungu. Na nyumba ilipomalizika, mwaka 1954, Kenya ilikuwa katika Hali ya Hatari. Bwana mmoja akapata vyumba 52, na maelfu ya Waafrika wakalala nyuma ya seng'enge kwa sababu ya kudai ardhi na uhuru wao.

Wako watakaosema: mbona skuli ile leo ni Chuo Kikuu cha Egerton, na watoto wetu wanasoma humo? Kweli, nasi twafurahi. Lakini haikuanzishwa kwa ajili yao. Mlango ulifunguliwa pale upepo wa Uhuru ulipokwisha kuvuma. Wengine watasema: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Twawajibu: mganga gani agangaye jeraha asiloonyeshwa?

Hatutaki nyumba ibomolewe. Mawe hayana kosa, na waliyoyabeba ni baba zetu. Tunataka ukweli usimamishwe mlangoni, kwenye ubao mkubwa, kwa Kiswahili ambacho kila mwananchi atakisoma: mikataba ya 1904 na 1911, miaka 999, kipande, maskwota. Wazee wa Njoro waulizwe upesi, na watoto wa wafanyakazi nao waulizwe, ili majina ya waliochonga na kubeba mawe hayo yaandikwe kabla hayajasahauliwa. Mtoto wa skuli anayepelekwa pale asirudi nyumbani na kisa cha bwana aliyekataliwa, bali ajue babu yake alinyang'anywa nini.

Nyumba imekwisha kuwa mali ya wananchi. Historia yake nayo tuichukue!