Mabango hayapimi pombe

Vijana wenzetu, na nyinyi ndugu zetu wa mashirika, leo tusemezane ukweli. Kila mkutano kuhusu pombe tunasikia wimbo uleule: acheni kunywa. Bango linabandikwa, picha inapigwa, watu wanarudi nyumbani. Kilicho ndani ya jerikani hakuna aliyekipima.

Mwaka 2010 kule Kabale, Uganda, waragi yenye methanoli iliua watu zaidi ya 80. Mwaka 2014 Kenya nayo ikazika zaidi ya 80, Embu, Kiambu na kwingine. Hawakuuawa na wingi wa walichokunywa, bali na kilichokuwa ndani yake.

Kuna wanaosema eti wanaijua kwa ulimi, au kwa kuiwasha moto waone rangi. Jamani, tuache! Methanoli inanukia kama pombe ya kawaida. Hata kile kipimo cha kioo kinachoelea hakisaidii, maana uzito wa methanoli na wa ethanoli unakaribiana sana. Kitakuambia pombe ni kali, basi. Kinachozitenganisha ni mashine ya kromatografia ya gesi: tone linageuzwa mvuke, linapitishwa kwenye kibomba kirefu chembamba, kila kemikali inatoka kwa wakati wake, na kiasi chake kinasomeka.

Tunajibiwa kwamba kupima ni kuwaruhusu watu walewe. Kwani mkipima maji ya kisima mnaruhusu watu wanywe uchafu? Wanaokunywa wapo, na ni baba zetu na shangazi zetu. Na mama anayepika kanyanga, mgao ukipungua, anatoa humo sabuni na daftari za watoto.

Hatuombi mashine iletwe kambini. Tunaomba sampuli zipelekwe maabara ya serikali, majibu yatangazwe siku yanapotoka, na anayeleta sampuli asikamatwe. Zahanati nayo ijue mapema mgonjwa apelekwe wapi.

Na sisi wenyewe tusisubiri. Mtu alikunywa jana, leo anaona ukungu, kichwa kinamuuma, anatapika: msiseme ni ulevi wa jana, msimwache alale. Mkimbizeni hospitali na mseme alichokunywa. Dawa ipo, lakini akichelewa, hata akipona, macho yanaweza yasirudi.

Mabango tumeyaona ya kutosha. Sasa leteni chupa za sampuli.