UREA YA SHAMBANI IBAKI SHAMBANI



Kuna maneno yanapita dukani, kilabuni na chini ya mwembe. Eti yale maji yanayotiwa kwenye tangi lenye kifuniko cha buluu, katika malori na magari mapya ya dizeli, ni urea na maji tu. Eti urea si tunayo stoo? Maji si yapo kisimani? Basi koroga, mimina, gari liende! Wengine wanakwenda mbali zaidi, wanasema fundi akate waya, azibe mfumo wote, gharama ziishe. Sisi tunasema hapana. Huo si ujanja. Huo ni kuharibu mali na kuharibu vifua vya watu.

Kwanza tuelewane maji hayo ni nini. Wengi huyaita AdBlue. Ni urea safi asilimia 32.5, na kinachobaki ni maji yaliyoondolewa madini yote. Hayachanganywi na dizeli, yana tangi lake. Injini ikifanya kazi, pampu huyarusha kidogo kidogo kwenye bomba la moshi lenye moto. Humo urea hugeuka amonia. Amonia ikikutana na gesi chafu za nitrojeni ndani ya chombo kiitwacho kichocheo, gesi hizo hugeuka nitrojeni ya kawaida, kama hii iliyomo hewani, pamoja na mvuke wa maji. Kwa kila lita 100 za dizeli, lori hula lita 3 hadi 6 hivi. Kazi ya maji hayo ni moja tu: kuosha moshi.

Sasa hiyo urea yetu ya mfuko. Ni nzuri kwa mahindi, nani atabisha? Lakini imetengenezwa kwa ajili ya udongo. Ina dawa ya kuzuia chembe zisigandane, na ina uchafu ambao mhindi haujali. Maji ya kisima nayo yana chokaa. Tazameni sufuria zenu za chai zilivyoota ukoko mweupe. Kipimo cha kimataifa kiitwacho ISO 22241 kinataka kalisiamu, yaani hiyo hiyo ya kwenye chokaa, isizidi nusu miligramu katika kilo moja ya maji ya AdBlue. Kisima gani kitafika hapo? Ukoko wa sufuria ndio utakaoziba nozeli na kuua kichocheo. Na kichocheo kikishakufa hakifufuki kwa kutiwa maji mazuri baadaye.

Kompyuta ya gari nayo hailali. Ikiona maji yameisha au ni mabovu, huonya kwanza kwa taa. Dereva akipuuza, lori la Ulaya la daraja la Euro 6 hupunguziwa nguvu, kisha hubanwa lisizidi kilomita 20 kwa saa. Gari dogo likiishiwa kabisa na kuzimwa, haliwaki tena mpaka litiwe. Haya, lori limebeba nyanya zetu, linatambaa kama kinyonga. Nyanya zitasubiri? Hasara hiyo haimpati mwuza maji ya bandia. Inampata mkulima.

Kuna ndugu watajibu kwamba huo ni ukatili wa watengenezaji. Hapo wana hoja, wala hatuifichi. Gari kukata nguvu porini si jambo dogo. Hata Marekani wakulima na madereva walilalamika, na mwezi Agosti 2025 idara ya mazingira ya huko iliwataka watengenezaji warekebishe programu za magari yaliyopo, na malori mapya ya kuanzia toleo la 2027 yaundwe yasipoteze nguvu ghafla. Lakini angalieni vizuri, jamani. Agizo hilo liliongeza muda wa dereva kujipanga. Halikumwambia mtu aache kutia maji hayo.

Na hao wanaosifu kuidanganya kompyuta wakumbuke habari ya mwaka 2015. Kampuni ya Volkswagen ya Ujerumani ilibainika kuweka programu ya udanganyifu katika magari ya dizeli yapatayo milioni 11. Yakipimwa yalikuwa safi, yakitoka barabarani yalitema gesi chafu. Wakubwa hao walishtakiwa wakalipa mabilioni. Sasa kile walichoadhibiwa nacho ndicho tukiite ufundi?

Moshi huo hauchagui. Gesi za nitrojeni huchoma mapafu na kumzidishia ugonjwa mwenye pumu. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli katika orodha ya vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu. Watoto wanaotembea kando ya barabara kwenda shule wanaumeza huo huo.

Kwa hiyo tunasema, kila mwenye gari na kila kijana dereva ashike haya:

1. Nunua dumu lililofungwa, lenye maandishi ISO 22241 na tarehe. Kusoma tumejifunza, basi tusome.
2. Liweke kivulini. Kwenye nyuzi 30 maji hudumu kama mwaka mmoja, kwenye nyuzi 35 kama miezi 6 tu.
3. Tumia faneli yake peke yake, isiyoguswa na dizeli wala oili.
4. Yakimwagika, osha kwa maji safi kabla hayajakauka na kuwa chumvi nyeupe.
5. Yakiingia tangi la dizeli, usiwashe gari hata kidogo. Ita fundi alimwage lote kwanza.
6. Taa ikiwaka, usingoje kesho.

Asiyeweza kulilisha gari chakula chake, asilinunue. Rahisi inavunja upishi. Urea ya mfuko ipelekeni kwenye mahindi, huko ndiko inakongojewa.