Gunia la Dawa na Masikio ya Ng'ombe

Wanachama wenzetu, huenda wako watakaouliza: jarida la wakulima wa karafuu lina haja gani na nzi wa ng'ombe? Jawabu ni samadi. Wengi wetu tunaofuga hapa Chukwani huichukua samadi ya bandani tukaipeleka kwenye mikarafuu. Ng'ombe akidhoofu, maziwa hupungua nyumbani na samadi hupungua shambani.

Siku hizi twasikia likisifiwa gunia la kujisugulia. Husimamishwa nguzo mbili, baina yake ikafungwa kamba nene iliyozongwa magunia yaliyorowa mafuta yenye dawa ya wadudu. Kamba hulegezwa katikati, ili ng'ombe apitapo kwenda kunywa maji imguse shingo na mgongo, akajitia dawa mwenyewe. Kwa nzi, jambo hili ni jema, nasi twaliunga mkono.

Lakini tusidanganyike kwa urahisi wake. Kwanza, ng'ombe wetu wengi hufungwa kamba mchana kutwa. Ng'ombe asiyepita penye gunia hafaidiki nalo. Basi litundikwe mlangoni mwa banda, au njia ya kisimani, mahali asipoweza kupazunguka, tena chini ya paa ili mvua ya masika isiikoshe dawa.

Pili, gunia halifiki masikioni. Kupe aletaye ndigana kali, ugonjwa uuao ndama na ng'ombe wa kizungu kwa haraka, akiwa mkubwa hupenda kukaa ndani ya sikio. Wengine hujificha chini ya mkia na penye kiwele. Huko hapana budi mkono wa mwenye ng'ombe, au pampu ya kupulizia. Na ndama mfupi haifikii kamba kabisa.

Tatu, wako wanaorovya gunia kwa mafuta machafu ya gari. Haya yana sumu, na maziwa yale twawanywesha watoto wetu. Itumike dawa na mafuta aliyoyaagiza bwana mifugo, kwa kipimo chake, na siku za kutoyanywa maziwa zifuatwe.

Kisiwa chetu kimekwisha kuona jambo kama hili. Zamani mbung'o walitusumbua Unguja. Ng'ombe walimwagiwa dawa mgongoni, na vitambaa vyenye dawa vikatundikwa. Mbung'o wakapungua sana, lakini hawakwisha. Ndipo tangu 1994 madume waliofanywa tasa, waliozalishwa Tanga, wakamwagwa kwa ndege, zaidi ya milioni 8. Mbung'o wa mwisho wa mwituni alinaswa 1996, na 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa kimesafika. Dawa ya mgongoni ilifungua njia. Haikuimaliza kazi peke yake.

Basi rai yetu ni hii. Majirani wanaotumia kisima kimoja wachangie gunia moja, na mmoja wao akabidhiwe kulirovya upya likikauka. Kisha kila mmoja, siku moja katika wiki, ayashike masikio ya ng'ombe wake ayatazame ndani. Kupe wa jirani asiyetazama huanguka majanini, na kesho atapanda kwa ng'ombe wako.

Mnyama ni amana, wala hana ulimi wa kushitaki. Na wazee walisema, kidole kimoja hakivunji chawa. Kupe naye ni vivyo hivyo.