Mashine ya Hewa na Jiko la Shangazi

Mie wa Gwata bado nipo, nakohoa kidogo tu. Wiki hii kasheshe ilikuwa kwa shangazi.

Mwanawe kashuka kutoka Dar na mashine ya kusafisha hewa, kainunua Kariakoo. Kaichomeka sebuleni, ikanguruma. "Mama, sasa moshi basi!" Shangazi kuona mvua inanyesha, akaingiza jiko la mkaa ndani, akafunga na madirisha. Eti si kuna mashine!

Wajameni! Punde kichwa kikaanza kunigonga, mtoto wa jirani akatapika. Tulitoka mbio, tukasimama kwenye mvua kama kuku.

Ndipo nikaanza kuulizia haya madude. Kumbe yako ya aina aina. Yanayosifika ni yenye chujio la HEPA: likiwa la kweli, linanasa angalau asilimia 99.97 ya chembe zenye upana wa maikroni 0.3. Vumbi na moshi hapo vimepatikana. Mengine yana mkaa maalumu wa kunyonya harufu (mkaa tena!). Yapo pia yanayotoa ozoni. Hayo usiyaguse, maana ozoni yenyewe inaumiza mapafu.

Ila gesi ya mkaa, kaboni monoksaidi, ni jambazi jingine. Haina rangi wala harufu, na chujio haliizuii. Ukiivuta inaingia kwenye damu na kukaa mahali pa oksijeni. Ndiyo nadhani iliyotupiga, na mashine ilikuwa inanguruma vizuri tu!

Siyo utani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2. Serikali yetu nayo mwaka 2024 ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034.

Shangazi hakungoja 2034. Jiko kalihamishia uani, chini ya bati, upepo unapita. Mashine kaifunika kitambaa cha kufuma, juu kaweka redio. Binamu kanuna, kasema safari ijayo ataleta mtungi wa gesi.

"Sawa, mwanangu," shangazi akamjibu. "Na ukiisha, wa kuujaza nani?"

Binamu kimya, anatazama viatu.